Panya Mwenye Mkoba na Ghorofa Linaloyumba

Sogeeni, wajukuu. Wa nyuma njooni mbele, maana hadithi ya leo ina mnyama anayepita haraka, na asiyetega sikio atabaki kuuliza wenzake.

Mnyama mwenyewe ni panya buku. Watoto wa Morogoro hamna haja ya kuelezwa. Huyu ndiye anayeingia shambani usiku, anajaza mahindi na karanga mashavuni mpaka uso unavimba, kisha anazama shimoni kwake kuweka akiba. Ukimpima kuanzia puani hadi ncha ya mkia anakaribia mita moja, na uzito wake unaweza kupita kilo moja. Macho yake hayaoni vizuri. Lakini pua aliyojaliwa, hata mbwa wa polisi angemwonea wivu.

Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, chini ya milima ya Uluguru, lipo shirika liitwalo APOPO. Tangu mwaka 2000 shirika hilo linawafundisha panya buku kazi ambazo binadamu anaziogopa au anazifanya polepole. Kazi ya kwanza ilikuwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita. Panya mmoja aliyezaliwa hapa Tanzania, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu 71 ya ardhini, na mwaka 2020 shirika moja la Uingereza, PDSA, likamtunukia nishani ya dhahabu. Wengine walifundishwa kunusa makohozi na kuonyesha lipi lina vijidudu vya kifua kikuu. Na sasa kuna kazi ya tatu, ndiyo inayotuhusu leo: kuwatafuta watu waliofukiwa na jengo lililoanguka.

Mafunzo yake yanafurahisha kuyaona, ingawa yanahusu jambo la huzuni. Wakufunzi wanatengeneza chumba kilichovurugika: samani zimepinduka, mbao zimelala juu ya mbao, njia zimeziba. Mtu anajificha humo ndani. Panya anavalishwa kizibao chenye kijimpira kinachoning'inia shingoni, anaachiwa, anaingia katika upenyo ambao hata wewe mwembamba kuliko wote hapa usingepita. Akimfikia yule mtu anakivuta kijimpira, king'ora kidogo kinalia, naye anageuka na kurudi alikotoka. Malipo yake ni chakula kitamu: ndizi iliyopondwa, karanga. Hadai posho.

Mgongoni amebeba mkoba. Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, walishirikiana na APOPO kuutengeneza. Mna kamera ndogo ndani yake, maikrofoni na spika ili mwokoaji aliye nje aweze kuzungumza na aliyefukiwa, pamoja na kifaa cha kuonyesha panya yuko wapi. Hapo kwenye "yuko wapi" ndipo wahandisi walipokuna vichwa. Simu zetu hujua zilipo kwa kusikiliza setilaiti zilizo angani, lakini mawimbi ya setilaiti hayapenyi rundo la zege. Panya akiingia mita chache tu, amepotea kwenye ramani. Basi wakageukia chipu inayohisi mwendo wenyewe: umekwenda mbele, umekata kushoto, umepanda, umeteremka. Ukiziunganisha hatua zote hizo unapata njia aliyopita, bila kuiuliza setilaiti hata moja.

Chipu ya namna hiyo ndiyo iliyonifanya niwaite leo. Mnayo nyumbani. Simu ya mama ukiilaza, picha nayo inalala. Ukiisimamisha, picha inasimama. Imejuaje? Ndani yake kuna chipu ndogo kuliko ukucha, na ndani ya chipu kuna kipande cha silikoni kilichoning'inizwa kwa springi nyembamba sana. Chipu ikisukumwa, kile kipande kinachelewa kidogo kuifuata. Umeme unapima pengo lililotokea, na jibu linatoka kwa namba: tumesukumwa upande huu, kwa kiasi hiki. Kifaa chochote kinachohisi jambo na kuligeuza kuwa namba huitwa kihisi. Kihisi ukimfunga panya, kinafuata nyendo za panya. Kihisi hichohicho ukikifunga kwenye nguzo ya ghorofa, kitafuata nyendo za ghorofa.

Naona mmoja anacheka. Ghorofa lina nyendo gani, babu?

Linazo. Kila jengo linayumba. Upepo ukishuka kutoka Uluguru alasiri, ghorofa linayumba. Lori la mizigo likipita Msamvu, pale barabara ya Dodoma na ya Iringa zinapoachana, ardhi inatetemeka na majengo ya jirani yanatetemeka nayo. Watoto wakikimbilia ngazini kengele ya shule ikilia, ngazi na kuta zinaitika. Hamwoni kwa sababu mwendo wenyewe ni mdogo kuliko unene wa unywele. Na kila jengo lina mwendo wake linaoupenda. Kwa makadirio ya haraka wahandisi huhesabu sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila ghorofa: jengo la ghorofa kumi linakwenda na kurudi mara moja kwa sekunde moja hivi, la ghorofa nne linakwenda na kurudi mara mbili na nusu kwa sekunde. Refu ni la polepole, fupi lina haraka. Hata likisukumwa na nini, hurudia mwendo uleule, mpaka siku umbo lake lenyewe litakapobadilika.

Mama anayenunua chungu sokoni hakiamini kwa macho peke yake. Anakiinua, anakigonga kwa kidole, anasikiliza. Chungu kizima kinalia. Chenye ufa, hata kama ufa umejificha chini ya masizi, sauti yake imekufa. Kihisi kinalifanyia ghorofa jambo hilohilo, ila hakina haja ya kugonga. Upepo unagonga, malori yanagonga, miguu yenu inagonga. Kazi yake ni kusikiliza tu, usiku na mchana.

Mkitaka kuona kwa macho yenu, tafuteni ubapa wa mwanzi. Ubaneni ukingoni mwa meza, sentimita 30 zibaki nje, muuvute chini na kuuachia. Angalieni unavyopepea. Kisha mwombeni mtu mzima aukate kidogo kwa kisu karibu na ulipobanwa, asiumalize. Uvuteni tena. Utapepea polepole zaidi, kwa sababu uzito ni uleule lakini ukakamavu umepungua. Nguzo yenye nyufa ndani inafanya hivyohivyo. Tuseme ghorofa lilikuwa likiyumba mara 10 kila sekunde 10, na mwaka unaofuata tukalikuta linayumba mara 9. Imepungua moja tu, mtu atasema si kitu. Lakini hesabu yake ni ya mraba: 9 mara 9 ni 81, 10 mara 10 ni 100. Ukakamavu wa jengo zima umepotea karibu asilimia 19. Karibu moja ya tano ya nguvu ya kuzuia kuyumba imekwenda, na pengine ukutani hakuna anayeona hata mstari.

Msidhani mambo ni mepesi kiasi hicho. Majengo yanadanganya, au tuseme hali ya hewa inayasemea uongo. Kule California, Marekani, katika chuo cha Caltech, lipo jengo la ghorofa tisa lililojengwa miaka ya 1960 kuwa maktaba ya Millikan. Ni miongoni mwa majengo yaliyosikilizwa kwa muda mrefu zaidi duniani. Watafiti walishangaa kukuta mvua kubwa ikinyesha mwendo wa jengo unabadilika, joto likipanda unabadilika, upepo ukivuma kwa nguvu unabadilika, halafu hali ikitulia namba zinarudi. Hakuna kilichovunjika. Ila tetemeko la San Fernando la mwaka 1971 lilipopita, namba ilishuka na haikurudi yote mahali pake. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mhandisi anaitafuta: mabadiliko yanayorudi na yale yasiyorudi.

Fikirieni sasa mji wetu. Masika ya Morogoro mnayajua, mawingu yakikaa juu ya vilele vya Lupanga na Bondwa hayaondoki. Udongo unalowa, kuta zinakunywa maji, Mto Morogoro na Mto Ngerengere inachafuka. Kisha kiangazi kinakuja na jua linalochoma mabati. Bimu ya zege yenye urefu wa mita 10 joto lake likipanda kwa nyuzi 10, inarefuka kwa milimita moja. Usiku inarudi. Kihisi kilichofungwa mwezi Aprili hakiwezi kulihukumu jengo mwezi Oktoba. Kinapaswa kulizoea kwanza, masika na kiangazi, vuli na kipupwe, kama mwaka mzima, ndipo kithubutu kusema, "Hii si mvua, hili ni tatizo."

Na tatizo lenyewe linatoka wapi? Hapa nitakaa kidogo, maana nimesimama pembeni mwa mafundi wengi wakichanganya zege, na magonjwa mengi ya ghorofa huanzia kwenye karai.

Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji. Watu wanadhani saruji inakauka, kama tope linavyokauka juani. Haikaukii hewani, inashikana na maji yenyewe na kugeuka jiwe. Kwa hiyo maji ni chakula chake, lakini chakula cha kipimo. Yakizidi, sehemu isiyotumika inabaki ndani, baadaye inatoka na kuacha vitundu visivyoonekana, na zege linakuwa dhaifu. Sasa fundi anajua zege lenye maji mengi linateleza vizuri, halichoshi mikono ya saidia fundi, linajaa upesi kati ya nondo. Anaongeza ndoo. Hakuna anayemwona ila jengo. Mchanga nao, ukichotwa mtoni bila kuoshwa, unakuja na tope. Tope linaipaka kila kokoto koti, saruji inashika koti badala ya kushika jiwe. Kisha kuna kumwagilia. Slabu mpya inatakiwa kulowanishwa kila siku ili iendelee kushikana, lakini bosi yuko safarini, maji ya bomba yamekatika, kijana aliyepewa mpira amelala kivulini. Siku 28 baadaye, ambazo ndizo wahandisi huzitumia kupima nguvu ya zege, slabu inaonekana sawa na nyingine zote. Kwa macho hutajua.

Ugonjwa mwingine unakuja taratibu. Zege zima linailinda nondo isishike kutu, kwa sababu ndani yake mna ukali unaofanana na wa chokaa. Lakini hewa tunayoipumua nje ina gesi ya kaboni dioksaidi, na gesi hiyo inaingia kidogo kidogo kupitia vitundu, mwaka hadi mwaka, ikiupunguza ule ukali. Siku ikifika kwenye nondo, na unyevu upo, kutu inaanza. Kutu inataka nafasi mara mbili ya chuma kilicholiwa, wakati mwingine zaidi. Inasukuma kwa ndani. Zege linapasuka kufuata mstari wa nondo, mwishowe vipande vinadondoka na mnaona chuma chekundu. Mkiona hivyo, ugonjwa ni wa zamani.

Kwa hiyo vihisi si vya aina moja. Kile cha kuhisi kuyumba nimekieleza. Kipo kinachokaa juu ya ufa na kupima kama unatanuka, hata kwa sehemu ndogo ya milimita. Kipo kinachopima mwinamo, kama nguzo imeanza kulala upande. Kipo kinachofukiwa karibu na nondo kupima unyevu na dalili za kutu. Na kipo ninachokipenda mimi kuliko vyote, kwa sababu kinafanya kazi kabla jengo halijapata hata mpangaji mmoja: kihisi cha joto.

Saruji inaposhikana na maji hutoa joto. Na zege lililo kwenye joto linakomaa haraka, lililo kwenye baridi linachelewa. Sasa chukueni slabu mbili zilizomwagwa siku moja mwezi Julai, mchanganyiko uleule: moja Kihonda, huku bondeni, nyingine juu Mgeta, kule kwenye kabichi na njegere, ambako asubuhi watu wanaongea huku wanatoa moshi mdomoni. Fundi akihesabu siku tu, atatoa mirunda siku ileile pote pawili. Ya Kihonda imekomaa. Ya Mgeta bado, nayo inaachwa ijishikilie yenyewe na uzito wake wote. Kihisi cha joto kinafungwa kwenye nondo kabla zege halijamwagwa, kinabaki humohumo milele, na kinatuma joto lake kwa mawimbi ya redio hadi kwenye simu ya mhandisi. Programu inajumlisha joto na saa, inatoa makadirio ya nguvu. Ikisema bado, mirunda inakaa. Hakuna ubishi wa "mbona juzi tulitoa siku ya saba."

Mtauliza kwa nini tuhangaike na redio, waya si upo? Upo, na kwa miaka mingi ndio uliotumika. Lakini jengo lenye vihisi 50 linadai waya wa mamia ya mita, mabomba ya kuupitisha, kuta za kutobolewa, fundi umeme, na mtu wa kulinda usikatwe au kuibwa na wauza vyuma chakavu. Waya ulikuwa ghali kuliko vihisi vyenyewe. Mwaka 1998, Erik Straser na Anne Kiremidjian wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha jinsi kila kihisi kinavyoweza kupewa redio yake na akili kidogo yake. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakalifunga daraja la Golden Gate la San Francisco vihisi 64. Daraja hilo ni la chuma na refu mno, redio ndogo haiwezi kulivuka kwa pumzi moja, kwa hiyo kila kihisi kilimpokeza jirani yake ujumbe, jirani akampokeza wa mbele. Ujumbe wa mbali kabisa ulipokezanwa mara 46 kabla ya kufika.

Shida ya kifaa kisicho na waya ni betri. Kupanda juu ya nguzo kubadilisha betri kila wiki ni kichekesho. Ndiyo maana vihisi hivi vinalala sana. Vinaamka kwa saa yake, au vinapoguswa na mtikisiko mkubwa, vinapima, vinalala tena. Na vinajifunza kutosema sana, kwa kuwa kusema kwa redio kunakula betri kuliko kupima. Kihisi kinachopima mara 100 kwa sekunde kinakusanya namba 360,000 kwa saa moja. Kuzituma zote ni kujiua. Basi chipu inapiga hesabu palepale ukutani na kutuma neno moja tu: leo nayumba mara kadhaa kwa sekunde. Kihisi chenye adabu hiyo kinaweza kukaa miaka bila kuguswa.

Zege nalo linameza mawimbi, hasa likiwa na unyevu, na nondo zilizosukwa ndani yake zinayazuia. Kihisi kilicho ghorofa ya chini hakiwezi kupiga kelele moja kikasikika juu ya paa. Wafungaji wanatafuta ngazi, madirisha, matundu ya mabomba, wanaviweka vihisi ambapo kimoja kinaweza kumfikia mwenzake. Ndiyo shida ileile iliyowasumbua wenye kutengeneza mkoba wa panya, nyumba ikiwa imesimama au imelala. Chipu moja, adui mmoja.

Tofauti ni saa ya kazi: kihisi cha ukutani kinafanya kazi kabla jengo halijaanguka, panya baada ya kuanguka. Hapo sauti yangu inashuka kidogo, mnisamehe.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka asubuhi. Watu 36 walikufa. Haukupita mwezi, tarehe 24 Aprili, kule Savar karibu na Dhaka, Bangladesh, likaanguka jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, lenye viwanda vya nguo. Walikufa zaidi ya watu 1,100. Na hili la pili lina jambo ambalo nataka mlishike vizuri. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Watu walitolewa nje. Benki iliyokuwa humo ilifunga, maduka yakafunga. Lakini washonaji waliamriwa kurudi asubuhi yake, wakarudi, kwa sababu asiyefika angekatwa mshahara. Jengo lilikuwa limesema kwa sauti ambayo haikuhitaji chipu wala redio. Aliyesikia hakuwa na mamlaka, mwenye mamlaka hakutaka kusikia.

Ndiyo maana mimi ninapoonyeshwa kihisi kizuri, swali langu la kwanza si kinapima nini. Nauliza: kikilia saa nane usiku, simu ya nani inalia? Na huyo mtu anaweza kuwaamsha wapangaji wote na kuwatoa nje, au itabidi kwanza ampigie mwenye nyumba? Kama jibu halijaandikwa mahali, hela ya vihisi ingenunua saruji.

Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi asubuhi, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, na wengine wengi waliokolewa. Baadhi ya walionaswa chini ya ardhi waliweza kuzungumza na waokoaji, wakapelekewa oksijeni, maji na glukosi kupitia upenyo. Mkikumbuka saa hizo, mtaelewa kwa nini kuna watu wanaoshinda na panya buku pale SUA, wakifanya kazi pamoja na kikosi cha uokoaji cha Uturuki kiitwacho GEA. Katika upenyo wa namna ile, mnyama wa kilo moja mwenye kamera na maikrofoni ana thamani ambayo mashine ya tani ishirini haina. Mashine ikisogea vibaya inaangusha kilichobaki. Panya hata akikanyaga kipande kilicholegea hakisogei kwa urahisi.

Lakini ningependa akose kazi. Kwa pesa chache tulizonazo, ningeanza na mhandisi aliyesajiliwa anayefika kweli kwenye jengo na si kutuma mhuri. Kisha mchanga uliooshwa. Kisha vipande vya zege vya mchemraba vya sentimita 15, vinavyojazwa siku ya kumwaga na kuvunjwa maabara baada ya siku 7 na 28, maana mashine ya kuvivunja haina rafiki. Baada ya hayo ndipo vihisi vya joto kwenye slabu, na vya kuyumba kwenye majengo yanayobeba watu wengi: shule, hospitali, soko. Wapo wataalamu watakaonipinga na kusema vihisi vije kwanza kwa sababu binadamu hadanganyiki na namba. Mimi nimeishi na binadamu muda mrefu kuliko wao.

Ghorofa nyingi mnazoziona mjini hazina hata kihisi kimoja, na hamwezi kungoja. Ipo njia ya zamani. Ukiona ufa ukutani, usiuogope kwanza. Nyufa nyembamba zinazotambaa kwenye plasta kama mizizi ya nyasi mara nyingi ni za plasta tu. Za kutazamwa ni zile zinazopita mshazari kwenye nguzo au bimu, zinazopita kutoka kona ya mlango au dirisha kwenda juu, zinazoweza kuingiza ukingo wa sarafu, na zile zinazofuatana na mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama. Chukua penseli. Weka alama ndogo pale ufa unapoishia, huku na huku, andika tarehe pembeni. Mafundi wa zamani walibandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa saruji: jengo likisogea, kioo kinakatika, nacho hakina betri ya kuisha. Rudi baada ya wiki mbili. Ufa usipopita alama yako, endelea kuutazama kila mwezi. Ukiwa umepita, mwambie mwalimu, mzazi au mjumbe wa mtaa, umwonyeshe tarehe ulizoandika. Na ikiwa nguzo inatoa mlio, vumbi linadondoka bila mtu kugusa, au ufa unakua mbele ya macho yako, usimtafute mtu wa kumwonyesha. Toka, toa wenzako, simameni mbali, pigeni 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji.